Somo: Kilio cha Tamari (2 Samweli 13)

Ndugu waalimu na wazee wa kanisa, sura hii twaipita upesi kwa haya. Na tuisome.

Tamari alikwenda kwa Amnoni, nduguye kwa baba, kwa sababu mfalme Daudi alimtuma ampikie mgonjwa chakula. Alikataa, akamsihi; Amnoni akamtenza nguvu. Alipotoka alilia waziwazi. Ndipo Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni nduguye. Daudi alikasirika, wala hakumwadhibu mwanawe. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni.

Je! sisi hatufanyi vivyo hivyo? Mwanamke ajapo akilia, twamwuliza: Ulifuata nini kwake? Mbona hukupiga kelele? Kisha wazee wa jamaa hupokea mbuzi, na neno hilo huzikwa. Desturi hii hulinda jina la jamaa, haimlindi aliyeumizwa. Lakini hofu hufunga kinywa. Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yasema kwamba majeraha mwilini si lazima ili kuthibitisha kuwa hakukubali. Tena adhabu ya kubaka mtu mzima ni kifungo cha maisha, wala kisipungue miaka 30. Si neno la kulipwa mbuzi.

Basi, akija kwako, msikilize, usimtangaze. Msindikize hospitali upesi, saa 72 zisipite, apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Akitaka kushtaki, simama naye.

Swali: Katika usharika wetu, Tamari angemwendea nani?