Dalili za Uhai

Wasomaji, kila kitu chenye uhai kina dalili 7: hula, hupumua, hutoa taka, hujongea, huhisi, hukua na huzaa. Matatu ifikapo Kawangware 56 imekwenda, imekula mafuta, imevuta hewa na kutoa moshi. Lakini haikui wala haizai, basi haina uhai. Bali kijidudu cha kipindupindu, ambacho macho hayakioni, kinazo dalili zote. Kimoja hujigawa kuwa viwili, viwili kuwa vinne. Kwa hiyo maji maangavu mtungini huenda yakawa na maelfu. Lakini chenye uhai hufa. Chemsheni maji ya kunywa, yatokote dakika 1 nzima, kisha yafunikeni katika chombo safi.