Usiupande Mlima Kenya kwa haraka: Kimo humwangusha hata mwenye nguvu

Hebu tuseme wewe ni kijana wa miaka 28, mkazi wa Nairobi. Kila Jumamosi unacheza kandanda, huvuti sigara, na hujalazwa hospitalini tangu utotoni. Ijumaa alfajiri wewe na wenzako wa kazini mnaabiri matatu hadi Naro Moru, na jioni mnalala kwenye kituo cha Met, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Jumamosi mnatembea hadi kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200. Jumapili saa tisa za usiku mnaamshwa ili mfike kilele cha Lenana jua likichomoza.

Lakini wewe huwezi kuinuka. Kichwa kinagonga kama ngoma. Chakula cha jioni ulikitapika chote, na usiku kucha hukupata lepe la usingizi. Mwenzako anakucheka: "Wewe mchezaji mpira, umeshindwa na baridi?" Unaona haya. Unafunga kamba za viatu na kuanza kupanda.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo hatari inapoanza. Kinachokusumbua si baridi, wala si woga. Ni maradhi ya mwinuko, yaani ugonjwa unaompata mtu anayepanda juu sana kabla mwili wake haujazoea. Ugonjwa huu una dawa ya hakika ambayo haiuzwi dukani. Leo tutajifunza jinsi unavyoanza, dalili zake, na la kufanya ukiwa huko juu mbali na daktari.

Gunia lisilojaa

Watu wengi husema kwamba juu mlimani hakuna oksijeni. Si kweli. Katika kila sehemu 100 za hewa, oksijeni ni sehemu 21, uwe Mombasa au kwenye kilele cha mlima. Kinachopungua ni msukumo wa hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kila pumzi unayovuta huleta oksijeni kidogo zaidi mwilini.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi. Mahindi anayokuuzia ni yale yale ya siku zote, lakini gunia halikujazwa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, gunia limepungua kidogo tu na huwezi kutambua. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, gunia limebaki nusu na kidogo zaidi. Nao mwili wako unadai mahindi yale yale, tena zaidi, kwa kuwa unapanda.

Mwili una njia zake za kujitetea. Kwanza unapumua haraka na kwa nguvu, na moyo unapiga mbio. Figo nazo hurekebisha damu, na ndiyo maana wapanda mlima huenda haja ndogo mara nyingi. Baadaye mwili huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Lakini kazi hii huchukua siku kadhaa, na chembe za damu huhitaji hata majuma. Haiwezekani kuiharakisha kwa kujikaza.

Hapa ndipo vijana wenye afya hukosea. Mazoezi huimarisha miguu na moyo, lakini hayazuii maradhi ya mwinuko. Kwa hakika mwenye nguvu anaweza kuwa hatarini zaidi ya mzee anayejikokota, kwa sababu nguvu zake humpeleka juu kabla mwili haujajiandaa. Tena, ikiwa ulipanda mwaka jana bila tatizo, hiyo si dhamana kwamba mwaka huu utapona. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuugua ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena.

Dalili za hatua ya kwanza

Maradhi haya huanza kuonekana kuanzia kimo cha mita 2,500 hivi, aghalabu saa sita hadi 12 baada ya kufika. Dalili kuu ni kuumwa na kichwa. Pamoja nayo huja kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu na kukosa usingizi. Anayeugua hufanana sana na mtu aliyeamka baada ya kulewa pombe usiku.

Kanuni ni hii: ukiumwa na kichwa ukiwa juu ya mita 2,500, chukulia kuwa ni maradhi ya mwinuko mpaka ithibitike vingine. Usijidanganye kwamba ni jua, njaa au moshi wa jiko.

Katika hatua hii si lazima ushuke. Baki ulipo, pumzika, kunywa maji ya kutosha, na ukitaka meza dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu. Wengi hupata nafuu katika siku moja au mbili. Kosa kubwa ni kumeza dawa, kupata nafuu ya saa mbili, kisha kuendelea kupanda. Dawa imenyamazisha king'ora, lakini moto bado unawaka.

Maji yanapoingia ubongoni au mapafuni

Mgonjwa akipuuza hatua ya kwanza, mambo mawili yanaweza kutokea, na yote mawili huua.

La kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huanza kuyumba kama mlevi. Huongea ovyo, hukasirika bila sababu, au huketi kimya asitake kuguswa. Baadaye husinzia na kuzirai. Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji chombo chochote: mwambie atembee katika mstari mnyoofu, kila hatua kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa kwenda hatua kumi bila kuyumba, usibishane naye. Ubongo wake umeathirika, na yeye mwenyewe hawezi tena kuamua lililo jema.

La pili ni mapafu kujaa maji. Hili huua haraka kuliko lile la kwanza, na linaweza kumpata mtu ambaye hata kichwa hakikumuuma. Aghalabu huja usiku wa pili baada ya kufika juu. Mgonjwa huachwa nyuma na wenzake, kisha hutweta hata akiwa ameketi. Hukohoa, kwanza kikavu, baadaye akitoa povu lenye rangi ya waridi. Midomo na kucha hugeuka kuwa za samawati. Wenzake hudhani ni homa ya mapafu au pumu, wakamfunika blanketi na kumwambia alale hadi asubuhi. Huenda asubuhi hiyo asiione.

Dawa ya hakika: Shuka

Ile dawa isiyouzwa dukani ni kushuka. Mtu anayeyumba, au anayetweta akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama amelipia safari yote, hata kama kilele kinaonekana kwa macho. Aghalabu kushuka kati ya mita 300 na 1,000 huleta mabadiliko makubwa. Asiachwe ashuke peke yake, na mwenye mapafu yaliyojaa maji asitembezwe kwa nguvu ikiwa anaweza kubebwa.

Oksijeni ya mtungi husaidia, na ziko dawa ambazo daktari au mwelekezi aliyefunzwa anaweza kumpa mgonjwa. Lakini hizo ni za kununua muda wa kumshusha. Usingoje helikopta wakati miguu ya wenzako inaweza kumfikisha chini. Ukungu ukitanda, ndege hairuki.

Iko pia dawa ya kuzuia, iitwayo asetazolamidi. Huufanya mwili upumue zaidi na kuzoea upesi. Isitumiwe bila kumwona daktari, hasa na mtu anayedhurika na dawa za salfa. Inaweza kukufanya ukojoe mara nyingi na kuhisi vidole vikichomachoma. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Epuka pombe na dawa za usingizi ukiwa juu. Hupunguza kupumua wakati umelala, saa ambayo mwili unahitaji kila pumzi.

Tatizo la Mlima Kenya

Wataalamu wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, usilale usiku wowote mahali palipo zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja.

Sasa rudi kwenye safari yetu ya mwanzo. Alhamisi usiku ulilala Nairobi, mita 1,700. Ijumaa ukalala mita 3,050. Jumamosi ukalala mita 4,200. Hiyo ni nyongeza ya mita 1,150 kwa usiku mmoja, zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Mlima wetu una barabara nzuri na njia fupi, na sifa hizo ndizo zinazoufanya uwe wa hatari. Anayetoka Mombasa, ambaye amezoea usawa wa bahari, yu hatarini zaidi ya mkazi wa Nairobi.

Suluhisho ni siku. Badala ya siku tatu, tenga tano au sita. Lala usiku wa kwanza Nanyuki, Naro Moru au Chogoria. Lala usiku mbili penye mita 3,000 hivi, na katikati yake panda juu kwa matembezi kisha urudi kulala chini. Anayefuata njia ya Chogoria anaweza kukatiza safari karibu na Ziwa Ellis, penye mita karibu 3,500. Wazoefu wana msemo: panda juu, lala chini.

Kwa nini watu huondoka usiku?

Huko Ulaya, kwenye milima ya Alps, wako watu ambao katika majira ya kuchipua hupanda vilele vya theluji kwa miguu wakiwa wamevaa mbao ndefu za kutelezea, kisha huteremka kwa kuteleza. Huondoka kabla ya mapambazuko. Usiku theluji huganda ikawa ngumu, na hupitika. Adhuhuri jua huilainisha, na inaweza kuporomoka na kuwafukia watu. Kwa hiyo mwenye busara huweka saa ya kugeuka, na ikifika hugeuka, awe amefika kileleni au la.

Nasi tunaweza kuiga nidhamu hiyo. Hapa kwetu, changarawe ya chini ya Lenana hushikana usiku kwa baridi, na asubuhi anga huwa wazi. Kufikia adhuhuri mawingu huja, na ukungu huficha njia. Amueni saa ya kugeuka mkiwa bado chini, mkiwa na akili timamu.

Watelezaji hao pia wanatufundisha jambo la macho. Miale mikali ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Macho huungua bila wewe kuhisi. Saa kadhaa baadaye huhisi kama yamejaa mchanga, hutoa machozi, na huwezi kuyafungua. Vaa miwani ya jua iliyofunika hata pembeni, hata kukiwa na mawingu. Wala usidhani ngozi nyeusi haiungui. Paka mafuta ya kuzuia jua puani, midomoni na chini ya kidevu.

Kuhusu baridi, hesabu hivi: kila mita 1,000 hupunguza joto kwa nyuzi sita hivi. Lenana basi ina baridi zaidi ya Nairobi kwa nyuzi 20 hivi, bila kuhesabu upepo. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hunyonya joto la mwili. Beba nguo za sufu na koti la mvua.

Wasiofaa kupanda kabla ya kumwona daktari

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huweza kuleta maumivu makali na kuhatarisha maisha. Hata mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini kwa kawaida haugui, anaweza kuumia wengu akiwa juu. Ikiwa ukoo wenu una ugonjwa huu, pima damu kwanza. Wengine wa kumwona daktari ni wajawazito, na wenye maradhi ya moyo, mapafu, kisukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Mtoto mdogo hawezi kueleza kichwa kinavyomuuma. Akikataa kula na kulialia akiwa juu, mshushe.

Jipime kabla ya safari

Jibu maswali haya pamoja na wenzako. Je, tumetenga siku ngapi? Kila usiku tutalala kimo gani? Nani atamsindikiza mgonjwa akishuka? Saa ya kugeuka ni ngapi? Na kila mmoja yuko tayari kusema, "Kichwa kinaniuma," bila kuchekwa?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Wengi huficha dalili kwa kuogopa kuwaharibia wenzao safari. Kundi zuri ni lile ambalo mgonjwa hulazimiki kuficha maumivu yake, na ambalo kila jioni kiongozi huuliza kila mtu hali yake.

Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Mlimani methali hii ni ushauri wa daktari. Kilele hakihami. Ukishuka leo ukiwa hai, mwaka ujao utakikuta pale pale.