Bei ya risasi na bei ya woga

Somo la leo linatupeleka Marekani. Kule wengi hupiga risasi kwa burudani tu, wakilenga shabaha siku ya mapumziko. Risasi wananunua dukani, boksi la 50, kama sisi tunavyonunua misumari.

Mwezi wa Desemba 2012, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule huko Newtown. Habari zikaenea kwamba serikali itabana sheria ya silaha. Watu wakakimbilia madukani. Mwaka 2013 hata zile ndogo za .22, ambazo ni za bei rahisi, ziliadimika, na maduka mengi yakapima: kila mtu boksi chache. Lakini sheria yenyewe haikupita! Seneti iliikataa Aprili 2013. Mwaka 2020, wakati wa korona, woga ulirudi, na risasi za milimita 9 zikapanda zaidi ya mara mbili.

Hapa kwetu tunaona vile vile kwa unga: uvumi ukisema barabara itafungwa, bei hupanda siku hiyo hiyo.

Jadilini katika kikundi: uvumi wa mwisho uliopandisha bei sokoni ulitoka wapi? Nani alikwenda kuuhakikisha?