Dondoo muhimu: Usichoke kazi ukiwa na wenzako

Uwe mwalimu, muuguzi au karani hapa Singe, mjini Babati, jihadhari na uchovu sugu wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili zake 3: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na ufanisi kushuka.

• Kunyweni chai pamoja. Chai ya saa nne isiishie mezani kwako. Anayejitenga ghafla, mfuate umjulie hali.

• Pokezaneni mzigo. Mwenzako ana madaftari 90 ya kusahihisha? Chukua 30, kesho atakushikia kipindi.

• Sifu jambo mahususi. "Ulivyomtuliza yule mama asubuhi, safi sana" hutia moyo kuliko "hongereni wote".

• Kero zipelekeni kikaoni. Majungu humaliza ari ya kazi haraka.

• Pumzika, ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28.

• Urafiki hauzibi pengo la watumishi. Kazi ikizidi, mwambieni mkuu wenu kwa pamoja. Usingizi ukipotea wiki kadhaa, muone daktari.