Rili ya harusi ya Tanga, santuri 150 na kanga zake

Rili ya zamani ikikufikia mkononi, hamu ya kwanza ni kuipachika kwenye mashine usikie kilichomo. Jizuie. Utepe uliokaa kabatini miaka hamsini, kwenye joto na chumvi ya pwani, huenda ukakubali kuchezwa mara moja tu, na mara hiyo iwe ya kunakili.

Yetu ilikuwa rili ya taarab iliyorekodiwa kwenye harusi Tanga miaka ya 1970, maikrofoni mbili, kikundi cha mtaani, zama ambazo Black Star na Lucky Star zilikuwa zimeshaitia taarab ya mji ule magitaa ya umeme na besi. Wazee waliobaki wameomba majina yao yakae kwenye jalada, si mtandaoni, nami nimewaitikia. Tulitoa nakala 150 za santuri, kila moja imevikwa kanga. Wengi mmeniuliza tulivyofanya, basi naandika.

Anza na pua. Utepe wa asetati ukioza hunuka siki. Kisha inua rili mbele ya taa: mwanga ukipenya pembeni, yaelekea ni asetati, usipopenya, huenda ni poliesta. Ni lazima ujue, kwa sababu baadhi ya tepu za poliesta za miaka ya 1970 na 1980, na Ampex 456 ndiyo inayotajwa zaidi, gundi yake hunyonya unyevu mpaka utepe unanata na kulia kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Hizo huokwa taratibu kwa nyuzijoto hamsini na kitu, kwa muda wa saa nane au zaidi, katika oveni inayoshika joto bila kupanda wala kushuka. Ya asetati haiokwi kamwe. Na oveni ya jikoni usiifikirie kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Wetu ulikuwa asetati, mkavu, una ukungu ukingoni. Fundi aliufuta kwa kitambaa laini kikavu huku akiuzungusha kwa mkono, na ulipokatika aliuunga palepale, maana asetati hukatika wima bila kuvutika na hakuna sauti inayopotea. Halafu akafanya jambo ambalo ningemlipa mara mbili kwa ajili yake: alichukua bisibisi ndogo akawa anageuza pembe ya hedi kidogo kidogo, tukiwa tumevaa hedifoni, mpaka ile "sh" ya mwimbaji, iliyokuwa imezibwa kama anayeimba nyuma ya pazia, ikatoka wazi. Hapo ndipo tukaanza kunakili, kwa 96 kHz na biti 24. Kazi ya pembe ya hedi hufanywa kabla ya kunakili. Programu ya kompyuta haiwezi kuirudisha vizuri baadaye.

Sasa usafishaji. Tuliondoa mvumo wa umeme wa 50 Hz na baadhi ya mipasuko, tukaishia hapo. Vigelegele tuliviacha vyote. Nimebishana na watu juu ya hili na sijabadili msimamo: katika taarab ya harusi, waliokaa kwenye mikeka ni sehemu ya kikundi. Kwenye wimbo wa tatu kuna mama anainuka kwenda kutunza; unasikia kwanza shangwe ikianzia upande wa kulia wa ukumbi, inasogea mbele, halafu mwimbaji anaona ujumbe wa ubeti wake umefika kwa aliyekusudiwa, anaurudia ubeti uleule, sasa polepole, kila neno peke yake. Akodiani inamsubiri. Kigelegele kinaifunika maikrofoni sekunde kadhaa na sauti inapasuka. Mhandisi mmoja alipendekeza tukikate kipande hicho. Ukikikata, umebaki na wimbo ambao hakuna ajuaye kwa nini ubeti umerudiwa.

Haki za watu zishughulikiwe kabla ya kumlipa mtu yeyote wa kiwanda. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mara nyingi unazungumza na warithi, nao ni wengi na hawakai mji mmoja. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiko pa kuulizia kazi iliyosajiliwa. Zanzibar wana yao, COSOZA. Mwenye rili si mwenye nyimbo. Aliyeitunza anastahili shukrani na malipo ya kuitunza, lakini mtunzi wa mashairi, mwimbaji na wapigaji kila mmoja ana fungu lake. Mikataba iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya watoto wao, na malipo ya kwanza yatoke siku ya kutia saini.

Kwenye taarab kuna mtego mwingine ambao wageni hawaujui. Tanga na Mombasa za miaka ile zilipenda sinema za Kihindi, na watunzi wengi walichukua sauti za nyimbo za filamu wakazivika mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa mtindo huo. Maneno yana mwenyewe hapa, sauti ina mwenyewe Bombay, na sheria ya India humlinda mtunzi miaka 60 baada ya kifo. Mwambie mtu anayezijua filamu hizo asikilize rili nzima. Wimbo mmoja tulioupenda mno tuliuacha nje kwa sababu hii.

Santuri ya inchi 12 kwa mwendo wa 33⅓ hubeba dakika 20 hivi kila upande bila kupunguza nguvu ya sauti. Taarab ya ukumbini haina haraka, kwa hiyo ni nyimbo mbili upande mmoja, labda tatu. Panga kwa sikio na pia kwa mfereji: kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo herufi za "s" na "z" zinavyochafuka. Mwimbaji mkali mweke mwanzoni, wimbo mtulivu mwishoni.

Zamani santuri nyingi za Afrika Mashariki zilifyatuliwa Nairobi. Sisi tulituma Ulaya. Viwanda vingi havipendi kazi iliyo chini ya nakala 100, vingine huanzia 300, kwa hiyo uliza kabla hujaipenda namba yako. Nakala za majaribio zikija, zisikilize kwenye mashine nzuri na kwenye ile mbovu kabisa unayoweza kuipata, maana wanunuzi wana zote mbili. Mzigo ukifika bandarini kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Hesabu hiyo iingie kwenye bei tangu mwanzo. Na makasha yakae wima, mbali na jua na joto la bati.

Jalada ndilo lililonikosesha usingizi, kwa raha. Tulitaka kitu kilichokuwamo ukumbini usiku ule, na kina mama walikuwamo na kanga zao. Upande mmoja wa kanga una kama sentimita 150 kwa 110: pindo, mji, na jina. Jina ni refu kuliko uso wa jalada, kwa hiyo tulikata kitambaa hivi kwamba jina lianze mbele, lipite mgongoni, limalizikie nyuma. Anayetaka kulisoma hulifungua jalada kwa mikono miwili. Hiyo inamaanisha jalada moja kwa upande mmoja wa kanga, doti moja kwa santuri mbili. Ni gharama. Masalio yalifunika daftari dogo la mashairi, lililochapwa kwa picha za mwandiko wa mtunzi mwenyewe, ufutaji na mishale yake yote ikiwamo.

Kanga ifuliwe kwanza dondo litoke na kitambaa kirudi, la sivyo itajikunja juu ya karatasi ngumu. Pasi ikiwa bado na unyevu. Gundi nyeupe ya seremala, nyembamba, kwa brashi pana. Ya unga wa ngano itakuletea mende. Washonaji wa mtaani walikata na kubandika, na majina yao yamo jaladani.

Mafumbo ya mashairi hatukuyafafanua kwenye daftari. Baadhi ya walioimbiwa wangali hai na majirani zao wanajua.

Namba zilitiwa kwa mkono. Za mwanzo zilikwenda kwa wapigaji na warithi, bure, kabla ya mauzo. Familia nyingi hazina mashine ya santuri, hivyo kila moja ilipata pia nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, na yeyote wa Tanga anayeziomba tunamtumia. Uchache ni wa kile kitu cha mkono. Sauti iwafikie wenyewe. Mkataba unasema nakala 150 hazitarudiwa kwa kanga, lakini warithi wanaweza kutoa toleo la kawaida la jalada la karatasi wakati wowote, bila kuniuliza. Kifungu hicho kiandike mapema, kabla mnunuzi wa kwanza hajalipa.