Nakala ya Akiba: Madeni ya Duka Yasipotee Pamoja na Kompyuta



Vikundi vingi vya kujisaidia sasa vimeweka kando daftari la mauzo. Liwe duka la agroveti, kinu cha posho au kituo cha maziwa, karani anaketi mbele ya kompyuta na programu inamfanyia hesabu. Hilo ni jambo jema. Lakini daftari la zamani lililowa mvua likaanikwa juani likasomeka. Kompyuta haina uvumilivu huo. Radi ikipiga, mwizi akiingia, au umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kuandika, kazi ya miaka inaweza kwenda kwa dakika moja. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipopotea karibu Kenya nzima, kompyuta za mezani zisizo na betri zilizima hapo hapo.

Mashine yenyewe inaweza kununuliwa tena kwa harambee. Kile ambacho harambee haiwezi kurudisha ni habari ya nani anadaiwa nini. Madeni yakipotea, kila mtu ana hesabu yake kichwani, na kikundi kinaanza kutazamana vibaya.

Kwa hivyo tunahitaji nakala ya akiba. Hili ni faili ambalo programu yenyewe hulitengeneza, likiwa na mauzo, stoku, bei, wateja na madeni yao kama yalivyokuwa saa ile. Kwenye skrini tafuta neno Backup. La kurejesha ni Restore. Karani afanye hivyo kila jioni baada ya kufunga mauzo. Asinakili faili la programu kwa mkono huku mwingine bado anauza, kwani nakala kama hiyo huweza kutoka mbovu.

Flashi inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta haitusaidii. Mwizi ataondoka nazo zote mbili, na virusi vikiingia vitaharibu zote mbili. Nunueni flashi tatu. Mbili ziende zamu: moja dukani, nyingine nyumbani kwa mweka hazina, zikibadilishana kila siku chache. Ya tatu iwekwe nakala ya mwisho wa mwezi, na za miezi iliyopita zisifutwe. Kwa nini? Kwa sababu kosa laweza kugunduliwa baada ya wiki tatu, na wakati huo nakala zote mpya tayari zina kosa lile lile.

Sasa tuje kwenye kurejesha, ambako ndiko watu wengi huumia. Tuchukue mfano. Kikundi kina duka la agroveti. Nakala ilifanywa Ijumaa jioni. Jumatano usiku kompyuta inaibwa. Alhamisi wanaazima kompyuta nyingine, fundi anaweka programu, wanarejesha nakala, na wote wanashangilia. Ngojeni kwanza. Programu sasa inaamini kwamba leo ni Ijumaa iliyopita! Mama aliyekuwa na deni la shilingi 4,500 alilipa 2,000 Jumatatu kwa M-Pesa, lakini skrini inasema bado anadaiwa 4,500. Akiambiwa hivyo mbele ya watu, je, atanyamaza? Stoku nayo inaonyesha mifuko 40 ya chakula cha kuku, na ukihesabu rafuni unakuta 28.

Hapo karani huwa na haraka ya kubadilisha 40 iwe 28 ili mambo yalingane. Asifanye hivyo. Akibadilisha tu, mauzo ya mifuko 12 hayataonekana popote, na pesa zake hazitakuwa na maelezo. Siku zile zilizokosekana lazima ziandikwe upya, moja moja, kwa tarehe zake za kweli, si tarehe ya leo. Zitatoka wapi? Kutoka kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, taarifa ya M-Pesa ya namba ya duka, karatasi za bidhaa zilizopokelewa, na risiti walizonazo wanachama wenyewe. Baada ya hapo ndipo mhesabu rafu, na mkiona tofauti muijadili. Kwa maoni yetu, kikundi chenye kompyuta bado kinahitaji kitabu cha risiti cha shilingi chache. Wengine hutucheka kwa hilo, na waache wacheke.

Kama kompyuta haikuibwa bali programu tu imeleta shida, fanyeni kwanza nakala ya hali iliyopo, hata ikiwa ni mgonjwa. Huenda mauzo ya leo bado yamo ndani, na kurejesha nakala ya zamani juu yake kutayafuta. Pia msijaribu kulifungua faili la nakala kama barua. Katika QuickBooks ya kompyuta, kwa mfano, faili la kazi huishia na herufi QBW na la akiba QBB. Hilo la pili hurejeshwa kupitia programu yenyewe, na ukibadilisha tu herufi za mwisho halitafanya kazi.

Kuna jambo ambalo huzungumzwa kwa minong'ono. Kurejesha kunaweza kutumiwa kuiba. Karani mjanja akiuza Jumatatu, kisha akarejesha nakala ya Ijumaa, mauzo ya Jumatatu yamekufa kimya kimya. Kwa hivyo asirejeshe peke yake. Mweka hazina na mwanachama mmoja wa kamati wawepo, na iandikwe kwenye kumbukumbu: nakala ya tarehe gani, saa ngapi, kwa sababu gani. Hii si kumshuku karani. Inamlinda yeye pia.

Wenye programu za simu zinazotumia intaneti husema, sisi tuko salama. Kiasi, ndiyo. Lakini mauzo yaliyofanywa bila mtandao hungoja ndani ya simu. Ukifuta programu kabla hayajatumwa, yameenda. Tena tazameni akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa ni ya karani naye ahamie Nairobi, kikundi kitabaki nje ya mlango wa duka lake. Akaunti iwe ya kikundi, na orodha ya madeni na stoku ichapishwe kila mwisho wa mwezi.

Nakala ina namba za simu za wanachama, pengine na za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuzilinde, basi flashi iwe na neno la siri. Neno hilo liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae na mwenyekiti, maana neno likisahaulika nakala haifunguki. Na kwa ajili ya kodi, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi zitunzwe miaka 5.

Msidhani haya huwapata wanakijiji tu. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani, watengenezaji wa filamu za katuni, walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa ameona. Waliokolewa na mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua.

Zoezi la mwezi huu: azimeni kompyuta nyingine yenye programu hiyo hiyo, mrejeshe nakala ya jana humo, si kwenye ya duka. Linganisheni jumla ya madeni, stoku ya bidhaa tano, na namba ya risiti ya mwisho. Kisha mjadili:

Ni nani anayebeba flashi leo jioni, na akiugua ni nani atakayebeba?

Kompyuta ikipotea usiku wa leo, tutakosa mauzo ya siku ngapi, na risiti zake ziko wapi?