Jumamosi Sipiki

Wadogo zangu, wiki hii nawapa kazi ya nyumbani. Tafuteni filamu ya katuni iitwayo Shaun the Sheep Movie, ya mwaka 2015, kutoka studio ya Aardman huko Bristol, Uingereza. Kiingereza kisiwatie hofu, kwani humo hakuna anayezungumza. Ni miguno na mibweko mwanzo mwisho, na bibi atacheka na mjukuu bila mkalimani.

Watu wengi humtazama kondoo Shaun. Mimi nataka mumtazame Bitzer, mbwa wa shamba. Kofia ya sufu kichwani, saa mkononi, filimbi, na ratiba ya kazi haimtoki. Nyapara kamili! Kondoo wakifanya fujo, wa kujibu ni yeye. Mnamjua huyo: ndiye yule mzaliwa wa kwanza ambaye mama akisafiri huachiwa funguo zote.

Basi kondoo wamechoka na ratiba ile ile. Wanamlaza bwana wao, mkulima, kwa kuruka ua mmoja mmoja mbele ya macho yake (Wazungu husema ukihesabu kondoo usingizi huja), kisha wanamficha kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu. Karavani inaserereka hadi mjini, bwana anaumia kichwa, kumbukumbu zinapotea. Bitzer anamfuata hospitalini na kudhaniwa daktari wa upasuaji. Hapo nilicheka hadi machozi. Bwana naye anaibuka kinyozi maarufu, anawanyoa watu kama alivyonyoa kondoo. Anapokutana na Shaun, hamjui tena. Hapo sikucheka.

Sasa sikilizeni. Kondoo wana udhuru, hawana mdomo wa kusema. Wewe unao. Unapika, unafua, unalea, unatabasamu, halafu siku moja unazima simu na kuhamia kwa shoga yako bila kuaga, nyumba nzima inahaha. Hiyo ndiyo karavani yako. Mwambie mumeo au mama mapema, kwa upole, na utaje siku: "Jumamosi sipiki." Usingoje wagundue wenyewe. Yule mkulima aliahirisha kazi ili wote wapumzike, lakini baada ya kupotezana kwanza.

Na wewe mwenye Bitzer wako nyumbani, awe dada wa kazi au binti yako mkubwa, mpe siku yake kabla hajaiomba. Akiwa wa mshahara, usimkate siku hiyo.